Zamu Moja Tu, Kisha Nalala

Wiki hii nataka tuuzungumze mchezo mmoja wa kompyuta ulioingia katika baadhi ya nyumba zetu hapa Chaani, nao wazazi wengi hawaujui hata kwa jina, kwa sababu haupigi kelele. Michezo ya mpira na ya kufyatua risasi twaisikia hata tukiwa jikoni. Huu hukaa kimya. Kijana ameinama, anatazama ramani, anafikiri, anabofya mara moja, anafikiri tena. Ukipita nyuma yake utadhani anadurusu jiografia.

Jina lake ni Civilization. Kwa lugha yetu twaweza kusema ustaarabu, neno ambalo nalo tumelitoa katika Kiarabu, na hilo lina mazungumzo yake siku nyingine. Walioutunga ni Sid Meier na mwenzake Bruce Shelley, huko Maryland, Marekani, na kampuni ya MicroProse ikautoa mwaka 1991. Tangu hapo umekuwa ukitolewa kwa sura mpya: toleo la sita lilitoka 2016 na la saba 2025. Waliouanza wakiwa vijana leo wana mvi, na wengine wao bado wanaucheza.

Mchezaji hupewa watu wachache wasio na makao, katika mwaka wa 4000 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Huwachagulia mahali pa kujenga mji wao wa kwanza, karibu na mto au pwani. Huamua walime au wachimbe, watangulize kujifunza maandishi au kufua shaba, na jirani aliyejitokeza nyuma ya mlima afanywe rafiki au aogopwe. Miaka hupita, miji huongezeka, na hatimaye umma ule ulioanza na jembe la mti hufika zama za ndege na roketi. Yote haya hufanyika kwa zamu, kama bao au drafti: wacheza wewe, kisha acheza mwenzio, na hapa mwenzio aghalabu ni mashine.

Na mashine hii ina subira ya ajabu. Haisogei hata hatua moja mpaka umalize zamu yako. Ukienda kula, yakungoja. Ukienda msikitini, ukakaa darsa, ukarudi baada ya Isha, utayakuta majeshi yako pale pale ulipoyaacha. Ukitaka kuizima kabisa, mna mahali pa kuuhifadhi mchezo, na mwezi ujao waendelea ulipoachia. Kijana anayecheza mpira wa kompyuta na mwenzake aliye mbali kwa njia ya intaneti ana kiudhuru, ingawa ni dhaifu, anapomwambia mamake angoje dakika tano. Huyu wetu hana udhuru wowote. Kwa hisabu ya kawaida huu ungekuwa mchezo mwepesi kuachwa kuliko yote, na kumbe ndio ulio mgumu kuachika.

Mama mmoja wa mtaa huu alinijia baada ya darsa ya akina mama. Mwanawe amemaliza kidato cha nne na yuko nyumbani akingojea kuingia chuo. Baba hufanya kazi ya shifti bandarini, kwa hivyo nyakati nyingi za usiku mama ndiye mlinzi wa nyumba. “Maalim,” akaniambia, “kwa wiki mbili nilikuwa nikiamka usiku naona mwangaza chini ya mlango wa mwanangu. Saa tisa, saa kumi. Nikasema alhamdulillah, Mola amemjaalia kisimamo cha usiku. Sikumgongea, nilichelea kumkatiza. Mpaka siku nilipomwona anaswali Alfajiri saa mbili, jua limeshapanda.” Usiku uliofuata aliufungua ule mlango, akamkuta kijana anapigana na Warumi.

Wanawake wawili watatu waliosimama karibu walicheka. Yeye hakucheka. Laptopu ile ilinunuliwa kwa pesa za chama, zamu yake ya kupokea ilipofika, na alikuwa ameahirisha mambo yake mengine ili mtoto awe na chombo cha kusomea. Sasa alitaka kwangu neno moja: niseme mchezo ni haramu, naye aiuze Jumatatu asubuhi.

Wanavyuoni wametufunza kwamba hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Nikamwomba anipe siku chache nikae na kijana. Nilikaa naye jioni tatu, baina ya Alasiri na Magharibi, ukumbini mwao, mama akipita na chai huku jicho lake moja liko juu ya kioo. Kijana hakuwa mjeuri. Alinieleza kila jambo kwa adabu, kama mwanafunzi aliyepewa nafasi ya kumsomesha mwalimu wake, na kwa kweli alijua kusomesha.

Jioni ya pili nilimwambia: sasa funga. Akanijibu, “Sheikh, zamu moja tu, ghala la mji huu limebakisha zamu moja.” Ghala likakamilika. Lakini katika zamu hiyo hiyo jahazi lililokuwa likichunguza pwani likaona kisiwa, na kisiwa hakiwezi kuachwa hakijatazamwa. Kilipotazamwa, wataalamu wa mji mkuu walikuwa wamebakisha zamu tatu tu waipate dira. Dira ilipopatikana, balozi wa nchi jirani akabisha hodi na mkataba wa biashara. Nilikuwa nikihesabu kwa vidole chini ya meza. Ile zamu moja ilizaa zamu kumi na tisa, na aliyetukomboa ni muadhini.

Hapo nikaielewa siri yake. Kila kitu humo kina mwisho, ila miisho haikutani. Akina mama mtanifahamu upesi: wali wa nazi umekauka lakini mchuzi bado, mchuzi umeiva lakini samaki hajageuzwa, samaki ameiva, mkate wa kumimina ndio kwanza unapanda. Jikoni, hata hivyo, hufika saa vyungu vyote vikawa chini na watu wakala. Humu vyungu haviteremki pamoja hata siku moja. Daima mna kimoja kinachokaribia kuiva, na mpishi hawezi kuondoka.

Katika toleo la sita, mchezo mmoja kwa mwendo wa kawaida una zamu 500. Wachezaji wa Ulaya na Marekani wanaijua hali hii vizuri, na msemo wao mashuhuri ni huo huo wa kijana wetu: zamu moja tu. Watengenezaji nao wanaujua. Katika matoleo ya karibuni, mtu akishashinda, tarumbeta zimelia na mambo yamekwisha, hutokezewa na kitufe chenye maana ya kwamba akipenda aongeze zamu moja zaidi. Yaani hata ushindi haukufanywa kuwa mwisho. Mimi naliona jambo hilo kuwa ukweli wa ajabu kutoka kwa mfanyabiashara: ameandika ugonjwa juu ya chupa ya dawa.

Lakini nisiwe dhalimu. Kinachomvuta kijana humo si upuuzi. Ni tadbiri: kuweka jambo leo ukijua litazaa baada ya muda, kuchagua baina ya mema mawili kwa kuwa huna mali ya yote mawili, kuona kosa la mwanzo likikurudia mbeleni. Tena tuangalie hali yake. Nje ya kioo mambo yake yote yako mikononi mwa watu wengine: matokeo ya mtihani, nafasi ya chuo, karo, hata siku ya kununua tokeni za stima. Ana miaka kumi na minane na hakuna anachoamua. Ndani ya kioo, akipanda kinaota, akijenga, kinasimama, akiwa mwadilifu kwa watu wake, wanafurahi naye. Nilipomwuliza mama ni lini mara ya mwisho walipomshauri kijana katika jambo lolote la nyumba, alinyamaza kidogo, kisha akasema ni lile la rangi ya pazia.

Na sisi watu wa pwani si wageni wa ladha hii. Bao la Kiswahili lina mashimo thelathini na mawili katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi. Huziingiza moja moja katika namua mpaka zimalizike, ndipo kukaja mtaji. Aliyejaribu anajua namna akili inavyotekwa: kuhesabu kete zitaishia wapi, kuilinda nyumba, kuona mapema kwamba mwenzio akila kichwani utabaki mtupu. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alilitungia bao shairi. Mholanzi Alexander de Voogt aliandika tasnifu yake ya chuo kikuu cha Leiden mwaka 1995 juu ya mabingwa wa bao na jinsi bongo zao zinavyofanya kazi, na mabingwa aliowafuata walikuwa Waswahili. Hakuna aliyewaita wazee wale wavivu wa akili.

Tofauti ni kwamba bao huisha. Mwenye kukosa kete katika safu ya mbele ameshindwa, watu wanacheka, ubao unapangwa upya au unafunikwa. Tena mwenzio ni binadamu kama wewe. Naye ana njaa, ana mke, macho yanamwuma, na adhana ikilia huinuka yeye kwanza hata kama wewe ungependa kuendelea. Najua, najua: wake wa watu wa barazani watanikumbusha waume waliorudi saa sita za usiku kwa ajili ya bao, karata na dhumna. Ni kweli, na hukumu yao ni hiyo hiyo tutakayoieleza. Lakini hata wao walikuwa na kitu cha kuwatoa pale. Mashine hainuki kuswali, haisinzii, haina mke wa kumgombeza.

Tuje katika fiqhi. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi waliizungumza michezo ya namna hii karne nyingi kabla ya kompyuta. Nardi, mchezo wa dadu, wameuharamisha, kwa hadithi ya Buraida iliyomo katika Sahihi Muslim, yenye makemeo makali. Sataranji hawakuitia katika hukumu hiyo. Wamesema ni makuruhu, ilhali maimamu wengine wamekaza zaidi wakaiharamisha. Walipotafuta kipimo cha kutenganisha michezo, wakauliza: tegemeo lake ni bahati ya dadu, au ni hisabu na fikra? Na litawafurahisha wachezaji wa bao kujua kwamba vitabu vya madhehebu yetu vimeutaja hata ubao wa mashimo na vijiwe, unaoitwa hazza, ambao watu wa Misri huuita manqala, na wanavyuoni wakabishana juu yake: ni ndugu wa nardi au ni ndugu wa sataranji? Kwa kipimo hicho, mchezo huu wa kijana wetu, ingawa mna bahati ndani yake, uko karibu zaidi na sataranji. Kamari haimo. Sikuona uchi. Vita vimo, lakini ni vya vipande kusogea juu ya ramani.

Basi sikuweza kumpa mama lile neno alilolitaka. Qur’ani katika Suratun-Nahl imetukataza tusiziachie ndimi zetu kusema hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia Mwenyezi Mungu, na katazo hilo linanihusu mimi kabla ya kumhusu mtu mwingine. Nikitia haramu mahali pasipo pake kwa kuwa itasaidia nyumbani, kesho kijana atasoma kitabu, atajua nilimdanganya, na hataniamini hata nitakapomwambia riba ni haramu.

Lakini mama hakuondoka mikono mitupu, kwa sababu mafakihi hawakuishia katika kuuliza mchezo ni nini. Wameuliza pia unamfanya nini mchezaji. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277, na Imamu Rafii kabla yake, wameifafanua mas’ala ya mtu anayecheza sataranji mpaka wakati wa swala ukatoka. Akiwa amekusudia, huyo ni mwasi, hilo halina mjadala. Na je, aliyeghafilika? Mchezo ulimshughulisha, hakuhisi wakati ulivyopita. Wakasema: likimtokea mara moja halimharibii uadilifu wake. Likikithiri, kughafilika kule hakuwi udhuru tena. Mtu huyo huhesabiwa fasiki na ushahidi wake hukataliwa mbele ya kadhi. Kwa nini, ilhali amesahau kwelikweli? Kwa sababu sasa anajua kinachomsahaulisha, na anakirudia.

Nilimsomea kijana maneno hayo kwa Kiarabu, kisha nikamfasiria polepole. Alipofika nilipofika, akaweka kipanya chini. Mpaka siku hiyo alikuwa akijitetea kwamba hakuwahi kuiacha Alfajiri kwa makusudi, na alikuwa mkweli.

Kabla ya kueleza tulichokubaliana, yako mawili yaliyomo ndani ya mchezo ambayo mzazi apaswa kuyajua, na moja la furaha.

La kwanza lilinishughulisha kuliko vita vyote. Katika toleo la sita mchezaji aweza kuanzisha dini. Hupata kipande kiitwacho Nabii Mkuu, akampeleka mahali patakatifu, akachagua jina la dini kutoka katika orodha, na Uislamu umo pamoja na Ukristo, Uyahudi, Ubudha na nyinginezo. Kisha huichagulia dini ile itikadi kwa kutazama faida: hii itanipa chakula, ile itanipa dhahabu. Tena aweza kushinda mchezo mzima kwa kuieneza. Kijana aliniambia kwa furaha, “Mimi, Sheikh, huchagua Uislamu kila mara.” Nikamshukuru kwa mapenzi yake. Kisha nikamwambia utume ni wahyi kutoka kwa Mola na haupatikani kwa kukusanya alama, na kwamba dini aliyoipanga pale kwa ajili ya dhahabu, hata akiipa jina gani, ameitunga yeye. Mtoto mkubwa huelewa kwamba hiki ni kipande cha mchezo. Aliye mdogo, ambaye bado hajafundishwa nguzo za imani, simshauri mzazi amwachie.

La pili ni wimbo. Toleo la nne, la mwaka 2005, hufunguka kwa wimbo wa kwaya kwa Kiswahili, uitwao “Baba Yetu”, uliotungiwa muziki na Mmarekani Christopher Tin. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Grammy, nao ndio wimbo wa kwanza wa mchezo wa video kuipata. Wazazi kadhaa wameniuliza kwa mshangao mbona Kiswahili kimesikika ndani ya mashine ya mtoto. Maneno yake ni sala ya Wakristo, ile ambayo kwa mujibu wa Injili yao Nabii Isa (A.S.) aliwafunza wanafunzi wake. Sisi hatumwiti Mwenyezi Mungu baba, na kijana wa Kiislamu asiimbe dua asiyoiitakidi kwa kuwa lahani imempendeza. Wala asiifanyie mzaha, kwani ni dua ya kila siku ya jirani zetu tunaopanga nao nyumba moja. Ama kwamba lugha hii yetu imechaguliwa na watu wa mbali kuifungulia habari ya binadamu wote, hilo sitaficha kwamba lilinitia fahari kidogo.

La furaha ni Kilwa. Katika nyongeza ya toleo la sita iliyotoka 2018, Kilwa Kisiwani imewekwa miongoni mwa maajabu ya dunia ambayo mchezaji aweza kuyajenga. Na Zanzibar imo kama mji unaojitegemea, ambao ukiutunza hukupa karafuu na mdalasini. Kijana aliniuliza kama Kilwa ni mahali pa kweli. Nikaweka kikombe chini. Nikamweleza kwamba Ibn Battuta alipita pwani hii mwaka 1331, akalala Mombasa, akawasifu watu wake kwa dini, akawataja kuwa ni wa madhehebu ya Shafi na kwamba misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa vizuri. Kisha akaendelea hadi Kilwa kwa sultani wake. Nikamweleza kwamba mwaka 1505 manowari za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilikuja zikaishambulia Kilwa, kisha zikaja hapa hapa Mombasa zikauteka mji na kuutia moto. Akaniuliza maswali mpaka Magharibi, na mchezo ukakaa umesimama peke yake. Mtoto wa Chaani ameonyeshwa Kilwa na watu wa Maryland. Tusiwalaumu wao.

Sasa tulivyokubaliana. Kompyuta imetoka chumbani na iko ukumbini. Mchezo ni baina ya Alasiri na Magharibi, na adhana ya Magharibi ndiyo zamu ya mwisho, ghala likamilike lisikamilike. Baada ya Isha hakuna. Abu Barza (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, ikiwa mazungumzo ya watu yamechukiwa, vita na Warumi vitakuwaje? Nikampa na hila ndogo ya kidunia: kabla ya kuzima, aandike kwenye karatasi kila kilichobaki, mji huu umebakisha zamu mbili, jahazi lile lielekee kusini. Kinachomkesha mtu ni hofu ya kusahau alichokiacha nusu. Kikiwa karatasini, kichwa hupumzika. Na mama naye akakubali kumtia katika hisabu ya matumizi ya nyumba kila mwisho wa mwezi, ashike daftari yeye, aone namna shilingi zinavyogawanywa baina ya mema mawili.

Baba alilipokea hilo la adhana bila maneno mengi, mpaka nilipouliza kama televisheni nayo itazimwa usiku wa mechi za Uingereza. Tulicheka sote, ila sikuwa nimefanya mzaha. Kijana hawezi kuambiwa alale saa tatu na mtu anayepiga kelele za goli saa sita kasoro. Kwa wema wake, baba aliliteremsha juu ya kabati bao la marehemu babake, akalifuta vumbi, na siku ambazo hana shifti humfunza. Kijana, bingwa wa kuziangusha dola, alidhani atalimaliza kwa siku mbili. Hajatoka bado katika bao la kujifunza.

Katika wiki tatu za mwanzo Alfajiri ilimpita mara moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuniambia. Mama yu radhi nusu. Angali akitaka lile neno moja, na kila tukionana hunitazama kana kwamba nimelificha.

Limebaki suali la mzazi mwingine, kuhusu zile vibanda ambako vijana hulipia michezo kwa saa. Kumlipa mwenye kibanda kwa kutumia mashine yake ni ujira, na ujira ni halali maadamu kinachochezwa ni halali. Kila mmoja kutoa shilingi kadhaa zikakusanywa na mshindi akazichukua ni kamari, hata ikiwa ni shilingi kumi. Na iko sura ya tatu ambayo vijana hawaihesabu kuwa kitu: wawili wanakaa, wanacheza, na atakayeshindwa ndiye atakayemlipa mwenye kibanda kwa ajili ya wote wawili. Hiyo pia ni kamari, kwa sababu kila mmoja amekaa pale akiwa baina ya kulipa yote na kutolipa chochote, na kinachoamua ni mchezo. Walipe nusu kwa nusu kabla ya kuanza. Wallahu aalam.